Jicho linalokosekana: mwongozo kamili wa kupandisha na kupasua nzi wa matunda wenye mabadiliko ya jeni ya eya, kwa hali ya Bukavu

Wanafunzi wanaojaribu zoezi hili hapa Bukavu hukwama mahali pale pale. Wanapandisha nzi wasio na macho na nzi wa kawaida, wanangoja, kisha kizazi cha kwanza kinatoka na nzi wawili watatu wasio na macho ndani yake. Hapo wanaanza kuilaumu jeni, au kumlaumu mwalimu. Jeni haina kosa. Karibu kila mara tatizo ni saa na joto. Ama majike walikamatwa wakiwa wamechelewa, ama kalenda waliyofuata iliandikwa kwa ajili ya labo yenye nyuzi 25 mchana na usiku, wakati chumba cha Ibanda au Kadutu hupoa usiku na kupanda mchana.

Ukimaliza hatua zote utakuwa umeona mambo matatu kwa macho yako: jinsi jeni iliyobadilika inavyorithiwa, jinsi nzi asiye na macho anavyotenda mbele ya mwanga, na mahali jicho lilipopaswa kuanza ndani ya buu, pamoja na kamba ya neva inayoliunganisha na ubongo.

## Vitu vya kuandaa kwanza

Usianze hatua ya kwanza kabla vitu hivi havijakamilika mezani. Nzi hawangoji mtu aliyekwenda kutafuta pamba.

Nzi, aina tatu za Drosophila melanogaster:

- Canton-S, nzi wa kawaida mwenye macho mekundu.
- white, mwenye macho meupe.
- eya namba 2 (huandikwa eya², yaani aina ya pili ya mabadiliko ya jeni hiyo), asiye na macho kabisa.

Njia rahisi ni kuomba chupa moja moja kwenye labo ya chuo inayofuga nzi tayari. Njia ya mbali ni kituo cha Bloomington, jimbo la Indiana, Marekani, ambacho hutuma aina hizi kwa posta. Ukienda kwa njia hii, tafuta kibali cha kuingiza wadudu kabla ya kuagiza. Nzi wakikaa forodhani wakingoja karatasi watafika wamekufa.

Chakula cha lita 1 ya maji: agari (unga wa kugandisha chakula) gramu 10, unga wa mahindi gramu 75, sukari gramu 80, hamira kavu gramu 18, na nipagini mililita 10 iliyoyeyushwa kwenye alkoli kali (gramu 10 za nipagini kwa mililita 100 za alkoli). Nipagini ndiyo inayozuia ukungu.

Vyombo: chupa ndogo za kioo zenye mdomo mpana, pamba ya famasi, brashi laini ya kuchorea, kipimajoto, barafu, sahani bapa, hadubini ya kupasulia inayokuza mara 10 hadi 40, hadubini ya kawaida, slaidi na vifuniko vyake, pinseti mbili zenye ncha nyembamba, chumvi, bluu ya methileni (rangi ya kutia kwenye slaidi), mirija miwili angavu, utepe, karatasi nyeusi, na daftari. Pinseti za saluni hazifai, ncha zake ni nene mno. Kama huna pinseti nzuri, funga sindano mbili nyembamba kwenye vijiti.

### Kwa nini usichukue nzi wa sokoni

Swali hili linarudi kila mara, kwa sababu nzi wamejaa kwenye ndizi zilizoiva kupita kiasi soko la Kadutu, na ni wa bure. Waache huko huko.

Kwanza, huna hakika ni spishi gani. Wale wenye mistari meupe inayokwenda kwa urefu mgongoni ni Zaprionus, jamaa wa mbali. Wengine ni Drosophila simulans, ambao hata mtaalamu huwachanganya na melanogaster, na watoto wa mseto huo hawazai.

Pili, nzi wengi wa mwituni hubeba vipande vya DNA vinavyorukaruka viitwavyo P. Dume wa mwituni akipanda jike wa ukoo wa zamani wa labo, watoto wanaweza kutoka wazima kwa sura lakini tasa. Utangoja kizazi cha pili ambacho hakitafika.

Tatu, nzi wa sokoni huja na utitiri. Utitiri ukiingia kwenye chupa zako, choma kila kitu uanze upya.

## Hatua ya 1: Pika chakula, na upike zaidi ya unavyoambiwa

Changanya agari na maji baridi, kisha chemsha. Unga, sukari na hamira vikoroge pembeni na maji kidogo hadi mabonge yaishe, halafu umimine ndani ukiendelea kukoroga.

Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Goma ni hivyo hivyo. Maji hapa huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Agari huyeyuka vizuri karibu na kiwango hicho hicho, kwa hiyo ukifuata dakika za kitabu kilichoandikwa pwani utapata uji wenye vipande visivyoyeyuka, ambao haugandi sawasawa. Acha uchemke dakika 15 hadi 20 baada ya mapovu ya kwanza, bila kuacha mwiko.

Epua. Ngoja joto lishuke chini ya nyuzi 65 ndipo uweke nipagini. Ukiiweka kwenye uji unaochemka, alkoli inaruka hewani, na kama unapikia mbabula yenye makaa, inaweza kuwaka. Nenda mbali na moto kabla ya kufungua chupa ya alkoli.

Mimina kimo cha vidole viwili katika kila chupa. Funika na kitambaa safi usiku kucha ili mvuke utoke, kisha ziba na pamba asubuhi.

Umefaulu ukiona: chakula hakidondoki ukiinamisha chupa, uso wake hauna maji, na kinabaki bila ukungu kwa wiki nzima. Matone ya maji ukutani mwa chupa ni kifo: nzi hugandamana nayo mabawa na kuzama. Yafute kwa karatasi kabla ya kuweka nzi.

## Hatua ya 2: Pima joto la chumba chako, usilikisie

Hatua hii watu huiruka, na ndiyo inayovuruga mengi yanayofuata.

Kwenye nyuzi 25, yai huwa nzi kamili kwa siku 9 hadi 10. Kwenye nyuzi 20 au 21, ambayo ndiyo hali ya vyumba vingi vya Bukavu, huchukua takriban wiki mbili. Kwenye nyuzi 18 hukaribia siku 20. Mwenye kitabu cha nyuzi 25 atawatoa wazazi kwenye chupa siku ya saba na kungoja watoto siku ya kumi. Asipoona kitu atasema nzi wake ni wagonjwa, atawarudisha wazazi ndani, na kuanzia hapo hatajua tena nani ni mtoto wa nani.

Weka kipimajoto kando ya chupa na uandike joto asubuhi, mchana na usiku kwa siku tatu. Ukiona tofauti ya zaidi ya nyuzi 5 kati ya usiku na mchana, weka chupa ndani ya sanduku la kuhifadhia baridi, lile la kuuzia samaki au vinywaji, pamoja na bidoni mbili za maji ya kawaida. Maji hupoa na kupata joto polepole, na sanduku litatulia hata umeme ukikatika. Funika bila kubana, nzi wanahitaji hewa.

Watu wengi huhangaika kutengeneza joto la nyuzi 25 kwa balbu. Sioni faida yake. Balbu huzimika pamoja na umeme, hukausha chakula, na ikipitisha nyuzi 29 madume huanza kuwa tasa. Nyuzi 20 zilizotulia ni bora kuliko 25 zinazoyumba. Kinachotakiwa ni kujua joto lako na kuongeza siku kwenye kalenda. Wasomaji wa Lubumbashi wajihadhari na mwezi wa sita na wa saba, usiku wa huko ni baridi kweli.

Joto pia linaweza kubadilisha jicho lenyewe. Nzi wenye mabadiliko yaitwayo Bar wana jicho jembamba, na wakilelewa kwenye joto kubwa vijicho vyao (vipande vidogo vinavyounda jicho) hupungua zaidi kuliko wa chumba cha baridi. Ndiyo sababu nimechagua eya na white kwa mwongozo huu. Hizo mbili husomeka wazi hata chumba kisipokuwa kamili.

## Hatua ya 3: Jifunze kutofautisha jike na dume

Lalisha nzi kwa barafu. Ingiza chupa kwenye bakuli la barafu kwa dakika mbili tatu, kisha wamimine juu ya karatasi kavu iliyolazwa kwenye sahani yenye barafu chini yake. Bila karatasi, unyevu utawagandisha mabawa. Etha hufanya kazi pia, lakini mvuke wake hulipuka ukikutana na moto, na nyumba nyingi zetu zina makaa karibu. Chagua barafu.

Jike ni mkubwa zaidi na tumbo lake lina ncha, na mistari inaonekana hadi mwisho. Dume ni mdogo, tumbo limeviringika na mwisho wake ni mweusi. Hapo ndipo mtego ulipo: dume aliyetoka kwenye pupa (ganda ambamo buu hugeuka kuwa nzi) saa moja iliyopita bado ni mweupe na hana weusi wowote nyuma. Ukitegemea rangi utamweka kwenye chupa ya majike bikira, na kesho hakutakuwa na bikira humo.

Tazama miguu ya mbele. Dume ana kichana cheusi kidogo kwenye kila mguu wa mbele, hata akiwa mchanga. Jike hana.

Umefaulu ukiweza kutenga nzi 20 wachanga kwa kutazama miguu peke yake, na mwenzako akikagua asipate kosa.

## Hatua ya 4: Kamata majike bikira

Jike wa nzi wa matunda huhifadhi mbegu za dume mwilini na kuzitumia kwa siku nyingi. Akipandwa mara moja na dume wa chupa yao, wa ukoo ule ule, watoto wake watachanganyika hata ukimpa dume mwingine baadaye.

Kwenye nyuzi 25 jike hakubali dume kwa takriban saa 8 za kwanza baada ya kutoka kwenye pupa. Kwenye nyuzi 18 muda huo hurefuka karibu mara mbili. Chumba chako kikiwa katikati, usijidanganye kwamba una muda wa ziada. Mimi sipitishi saa 8, liwe joto gani.

Ratiba inayofanya kazi:

1. Saa 12 asubuhi, toa nzi wote wazima kwenye chupa yenye pupa nyingi nyeusi. Kagua hadi chini ya pamba. Dume mmoja aliyejificha anatosha kuharibu mavuno ya siku nzima.
2. Saa 6 mchana, kamata waliotoka. Haya ndiyo mavuno makubwa, kwa sababu nzi wengi hutoka asubuhi. Tenga majike.
3. Saa 12 jioni, rudia.
4. Waliotoka usiku watupe au watumie kama madume.

Jike mchanga kweli ni mweupe, mabawa yake yanaweza kuwa bado yamekunjamana, na ukitazama tumbo lake kwa chini utaona doa jeusi la kijani ndani ya ngozi angavu. Hilo ni baki la chakula cha ubuu. Jike mwenye doa ni salama.

Waweke peke yao kwenye chupa yenye chakula kwa siku tatu. Watataga mayai hata bila dume, lakini mayai hayo hayaanguliwi.

Umefaulu ukiona: siku tatu zimepita na hakuna hata buu mmoja anayechimba chakula, na siku ya nne bado hakuna. Ukiona mtaro mmoja tu kwenye chakula, mwaga chupa nzima. Inauma, lakini kungoja mwezi mzima halafu upate hesabu mbovu inauma zaidi.

## Hatua ya 5: Jipime kwanza na white

Kabla ya kugusa eya, pandisha majike bikira 5 wa white na madume 5 wa Canton-S.

Jeni ya white iko kwenye kromosomu ya X. Mtoto wa kiume hupata X yake kwa mama peke yake, kwa hiyo wana wote watakuwa na macho meupe. Binti hupata X moja nzima kwa baba, kwa hiyo mabinti wote watakuwa na macho mekundu.

Uzuri wa zoezi hili ni kwamba linakuhukumu wewe. Ukiona mabinti wenye macho meupe, mama yao alikwisha kupandwa na dume wa kwao. Rudi hatua ya 4. Binti mmoja mweupe kati ya maelfu huweza kutokea kwa kromosomu kugawanyika vibaya, lakini watano kati ya hamsini ni mkono wako.

## Hatua ya 6: Mpandisho wa eya

Chukua majike bikira 5 wa eya na madume 5 wa Canton-S. Zingatia upande: wasio na macho wawe majike.

Watu wengi hufanya kinyume, wakichukua majike wa kawaida na madume wasio na macho, kwa kuwa majike wa kawaida wanataga vizuri. Kwa upande wa urithi matokeo ni yale yale, jeni hii iko kwenye kromosomu ya 2 na haijali jinsia. Ila ukikosea ubikira upande huo, kosa litajificha. Jike wa kawaida aliyekwisha kupandwa na dume wa kawaida atazaa watoto wenye macho, na watoto wa mpandisho sahihi pia wana macho. Hutaona tofauti yoyote hadi kizazi cha pili, hesabu inapokataa. Jike wa eya asiye bikira hujifichua mara moja, kwa sababu watoto wake wa dume wa kwao hawatakuwa na macho.

Weka wazazi kwenye chupa, andika tarehe na majina ya koo kwenye karatasi iliyobandikwa, si kwenye pamba. Wakati pupa wa kwanza wanaanza kuwa na rangi ya kahawia, toa wazazi wote. Kwa nyuzi 20 ni kama siku ya tisa au kumi. Usiwasahau, vinginevyo wazazi na watoto watachanganyika.

Umefaulu ukiona: kila nzi wa kizazi cha kwanza ana macho mekundu kamili. Si wengi wao. Kila mmoja.

## Hatua ya 7: Kizazi cha pili na hesabu

Chukua majike na madume 5 wa kizazi cha kwanza uwaweke pamoja kwenye chupa mpya. Hapa ubikira hauna maana, kwa sababu ndugu zao wote wana urithi ule ule. Andaa chupa nne au tano kama hizo badala ya moja iliyojaa. Mabuu wakisongamana, wenye mabadiliko ndio hushindwa kwanza, na hesabu yako itaonyesha upungufu wa wasio na macho ambao hautokani na urithi.

Hesabu kila siku, na kila aliyehesabiwa aondoke. Acha kuhesabu baada ya siku 12 hivi kwa nyuzi 20, maana baada ya hapo wajukuu huanza kutoka.

Unategemea wenye macho watatu kwa kila mmoja asiye na macho. Haitakuwa sawasawa. Tuseme umehesabu 160: ulitegemea 120 na 40, ukapata 128 na 32. Toa, zidisha tofauti kwa yenyewe, gawanya kwa ulichotegemea: 64 kwa 120 ni 0.53, na 64 kwa 40 ni 1.6. Jumla ni 2.13. Kikomo cha jaribio hili ni 3.84, kwa hiyo tofauti hiyo inaweza kuwa bahati tu na hesabu yako inasimama. Chini ya nzi 100 usijisumbue na hesabu hii.

## Ndani ya kichwa kuna nini

Kabla ya kupasua, elewa unachotafuta.

Jicho la nzi wa kawaida lina vijicho karibu 750 hadi 800, kila kimoja na seli 8 za kupokea mwanga. Jicho hili halianzi kwenye pupa. Linaanza ndani ya buu, kwenye kifuko bapa kiitwacho diski ya jicho na papasi (kiungo cha kuhisi kilicho kichwani). Buu akikaribia kuacha kula, mkunjo mdogo huanza ukingo wa nyuma wa diski na kusogea mbele taratibu. Nyuma ya mkunjo, seli hujipanga katika vikundi, na kila kikundi huanzisha seli zake za mwanga. Kila seli ya mwanga hutoa uzi wa neva, na nyuzi zote hupita kwenye kikamba kimoja chembamba hadi ubongoni.

Jeni ya eya hutengeneza protini inayofanya kazi pamoja na ile ya jeni nyingine iitwayo so, kuwasha jeni za kujenga jicho. Kwa nzi wetu, kilichopotea ni kipande kidogo cha DNA kinachoiwasha eya mahali pa jicho tu. Ndiyo sababu nzi anaishi na kuzaa. Ingepotea jeni nzima angekufa akiwa bado ndani ya yai. Bila eya, seli ambazo zingekuwa jicho hufa kabla mkunjo haujazifikia.

Hapo ndipo neva zinapoingia, na kwangu hii ndiyo sehemu tamu. Nyuzi zinazotoka kwenye jicho hazipeleki habari za mwanga tu. Hupeleka pia protini iitwayo Hedgehog, inayoziamuru seli za tabaka la kwanza la kuona ubongoni zigawanyike. Nyuzi zisipofika, amri haifiki, na tabaka hilo halijengeki. Kwa hiyo ubongo wa nzi asiye na macho una upungufu, ingawa ubongo wenyewe haukuguswa na mabadiliko ya jeni. Sasa mlinganishe na white: kilichokosekana kwake ni rangi peke yake. Vijicho vyote vipo, nyuzi zote zimefika. Macho meupe na kutokuwa na macho ni mambo mawili yasiyo na undugu, ingawa kwenye mitihani huwa yanatupwa kapu moja.

Binadamu naye ana jeni za ukoo huu. Mabadiliko kwenye EYA1 huharibu masikio na figo.

## Hatua ya 8: Jaribio la mwanga

Unganisha mirija miwili mdomo kwa mdomo kwa utepe, ilale kwenye meza. Mmoja ufunge kwa karatasi nyeusi. Weka nzi 20 wa ukoo mmoja, gonga mirija mezani ili waamke, na uwashe tochi ya simu kwenye ncha ya mrija ulio wazi. Baada ya nusu dakika hesabu walio upande wa mwanga. Rudia mara tano kwa kila ukoo, chumba kikiwa na giza.

Usitumie balbu ya moto, watakuwa wanakimbia joto. Usisimamishe mirija, kwa sababu nzi akigongwa hupanda juu hata gizani. Nzi waliolala kwa barafu wapumzike siku nzima kwanza.

Umefaulu ukiona: Canton-S wengi wako kwenye mwanga, white wanaufuata pia, na eya wametawanyika pande zote mbili. Baadhi ya wasio na macho wanaweza kuhisi mwanga kidogo, maana nzi ana vijicho vitatu vidogo vya ziada juu ya kichwa. Andika ulichoona, usilazimishe sifuri.

## Hatua ya 9: Mpasue buu

Chagua mabuu wanaopanda ukuta wa chupa, wakubwa na walioacha kula. Walio ndani ya chakula ni wadogo mno. Chukua wa Canton-S watano na wa eya watano. Usianze na eya: lazima ujue diski ya kawaida ilivyo kabla ya kutafuta iliyokosekana.

1. Andaa maji ya chumvi: gramu 7 kwa lita. Maji matupu hupasua seli.
2. Osha buu, mweke kwenye tone la maji hayo chini ya hadubini ya kupasulia.
3. Tafuta kulabu nyeusi za mdomo, upande uliochongoka. Zishike kwa pinseti moja.
4. Kwa pinseti ya pili shika katikati ya mwili.
5. Vuta pande mbili kwa mkono mtulivu, mwendo mmoja. Ukivuta kwa haraka, kulabu zitatoka peke yake na ubongo utabaki nyuma.
6. Kitatoka kichwa pamoja na rundo la viungo. Mifuko miwili mirefu inayong'aa ni tezi za mate. Vipande vyeupe ni mafuta. Viondoe vyote viwili bila kuvuta kulabu.
7. Kilichobaki ndicho unachotaka: tufe mbili za ubongo zilizokaa bega kwa bega, mkia mnene wa neva ukielekea nyuma, na mbele yake diski mbili bapa zilizonyooka kuelekea kulabu. Kila diski ina sehemu mbili, ya papasi mbele na ya jicho nyuma, na sehemu ya jicho imeshikamana na tufe la ubongo kwa kikamba chembamba.
8. Hamishia kwenye slaidi, ongeza tone hafifu la bluu ya methileni, funika taratibu.

Tazama kwa ukuzaji wa mara 100, ukipunguza mwanga wa hadubini. Mwanga mwingi hufuta kila kitu, na ndilo kosa ninaloliona zaidi kwa wanaosema "hakuna kitu humu".

Umefaulu ukiona, kwa Canton-S, sehemu ya jicho ni pana na, hadubini ikiwa nzuri, mstari unaoikata na safu za vidoadoa nyuma ya mstari huo. Kila kidoa ni kijicho kinachoanza. Kwa eya, sehemu ya papasi ni ya kawaida lakini ya jicho ni ndogo mno, na hakuna vidoadoa. Ikiwa hadubini yako haionyeshi mstari, pima upana tu na uchore. Mchoro wa penseli wenye ukweli una thamani kuliko picha ya simu yenye ukungu.

## Ukikwama

- *Mabuu wachache, chakula kigumu:* agari imezidi au chupa imekauka. Dondoshea tone moja la maji yenye hamira.
- *Chakula kimegeuka uji na kinanuka kama kasiksi (pombe ya ndizi):* hakikuchemka vya kutosha, au agari ni ya zamani.
- *Kizazi cha pili hakitoki kabisa:* angalia kama madume walipitia joto kali, au kama uliingiza nzi wa nje.
- *Nusu kwa nusu badala ya tatu kwa mmoja:* ulichukua nzi wa eya badala ya ndugu wa kizazi cha kwanza kwa upande mmoja.

## Baada ya kazi

Nzi uliomaliza nao watie kwenye chupa ya maji yenye sabuni, au kwenye frigo sehemu ya kugandisha usiku mzima. Usiwamwage dirishani.

Koo unazotaka kuzitunza zihamishe kwenye chakula kipya kila baada ya wiki tatu au nne, daima katika chupa mbili, na chupa hizo mbili zikae vyumba tofauti. Hamisha Canton-S kwanza, kisha white, na eya mwisho, ukifuta brashi kwa alkoli kila unapobadili ukoo. Nzi wa kawaida akiangukia chupa ya eya, watoto wenye macho watajaa humo na ukoo wako utapotea. Asiye na macho akiangukia chupa ya Canton-S, urithi wake hautaonekana kwa kizazi kizima, kwa hiyo kila unapohamisha, tazama vichwa vya nzi kadhaa wa Canton-S kabla ya kuziba pamba.